Jasho Linalobadilika Rangi na Madoa ya Kwapani: Mwongozo Kamili wa Kutambua Chanzo na Kuokoa Nguo Nyeupe

Msomaji mmoja baada ya mwingine amenieleza jambo lile lile: shati jeupe la kazini, kanzu ya Ijumaa au sare ya mtoto imepata doa la njano kwapani, ikalowekwa katika jiki usiku kucha, na asubuhi doa limekolea kuliko lilivyokuwa jana. Juhudi haikukosekana. Kilichokosewa ni mpangilio, kwa kuwa dawa kali imetangulia kabla chanzo hakijajulikana, na sabuni imetangulia mahali ambapo siki ilipaswa kuanza.

Nakuomba usiruke hatua ya 1 na ya 2 hata kama una haraka ya kufua. Baadhi ya madoa haya yatarudi kila wiki mpaka ngozi yenyewe ishughulikiwe, na mojawapo linatokana na dawa ya hospitali ambayo mgonjwa akiiacha kwa kuiogopa rangi yake anaweza kupoteza maisha.

## Vifaa vya kuandaa

- Mabeseni mawili ya plastiki. Usitumie sufuria wala karai, kwa sababu chuma na shaba huivunja haidrojeni peroksaidi kabla haijafanya kazi.
- Siki nyeupe ya kawaida, nusu lita. Ukiikosa, kamua ndimu 6 au 7 na uchuje nyama yake yote.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na sabuni ya unga ya kufulia.
- Soda ya kuokea, yaani bikabonati ya soda. Hamira haifai, na magadi ya kupikia maharage hayafai pia kwa kuwa ni makali zaidi na mara nyingi hubeba udongo wenye rangi.
- Haidrojeni peroksaidi ya 3%, inayopatikana kwenye maduka ya dawa ikiwa katika chupa ya rangi nzito. Ukipewa ya 6%, ichanganye na maji kwa kiasi sawa.
- Mswaki laini uliokwisha kutumika.
- Vipande 3 vya kitambaa cheupe cha pamba, safi na visivyo na nakshi.
- Glavu za mpira.

Peroksaidi iliyokaa muda mrefu huwa maji matupu. Idondoshee juu ya kipande cha kiazi mviringo kibichi: ikitoa povu bado ina nguvu, na ikitulia kimya utakuwa unapoteza muda wako kwa kuitumia.

## Hatua ya 1: Pima kwa kitambaa cheupe

Mwili wa mtu mzima una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Nyingi kati ya hizo hutoa maji na chumvi kwa ajili ya kuupoza mwili, ilhali zile za kwapani, kuzunguka chuchu na sehemu za siri hutoa jasho zito zaidi lenye mafuta na protini. Kwa watu walio wengi jasho la aina zote mbili hutoka bila rangi. Kwa hiyo ukiona rangi, ama imetoka kwenye kitu ulichojipaka, ama imechujuka kutoka kwenye nguo, ama imetengenezwa na vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi na nywele, ama jasho lenyewe limetoka mwilini likiwa na rangi. Jaribio hili linatenganisha njia hizo nne.

Kwa siku 3 acha kutumia dawa ya kwapa, manukato ya mafuta, losheni na singo. Siku ya tatu oga vizuri, jikaushe, vaa fulana nyeupe ya zamani iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, kisha weka kipande cha kitambaa katika kila kwapa. Tembea kwa nusu saa au fanya kazi za nyumbani mpaka jasho likutoke. Vitoe vitambaa, uviangalie kwenye mwanga wa mchana vikiwa vibichi, na uviangalie tena vikishakauka.

Vikibaki vyeupe, mwili wako hauna tatizo, na chanzo ni dawa ya kwapa, vipodozi au nguo. Ili kuthibitisha suala la nguo, chukua kipande cha tatu, kiloweshe kwa maji yenye chumvi kidogo, kisha usugue upande wa ndani wa nguo unayoishuku, hasa kitenge kipya, jinzi, koti au sketi nyeusi ambayo haijafuliwa hata mara moja. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, jibu umelipata.

Vikipata rangi hata kidogo, usiende kwenye beseni bado.

## Hatua ya 2: Soma rangi uliyoiona

Njano kwenye nguo tu, na kitambaa kimekuwa kigumu. Hili ndilo doa la kawaida kuliko yote. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za alumini, ambazo huziba kwa muda matundu ya jasho. Alumini hiyo hushikana na protini na mafuta ya jasho, ikaganda kwenye nyuzi na kugeuka njano kadiri nguo inavyofuliwa na kupigwa pasi. Ukakamavu unaouhisi kwa vidole ndio ushahidi wake. Nenda hatua ya 3.

Rangi ya chungwa au nyekundu, pamoja na mkojo na machozi ya rangi hiyo. Jiulize kama unatumia rifampisini, dawa iliyomo katika vidonge vya kutibu kifua kikuu, ambavyo kwa kawaida humezwa kwa miezi 6, na iliyomo pia katika tiba ya ukoma. Rifampisini ina rangi nyekundu yenyewe, na sehemu yake hutoka kupitia mkojo, mate, machozi na jasho. Rangi hiyo haina madhara, wala haimaanishi kwamba unatokwa na damu. Nasisitiza jambo hili kwa uzito wote: usiache dawa. Kifua kikuu kilichokatishiwa tiba hurudi, na kinaweza kurudi kikiwa sugu. Mgonjwa wa ukoma au wa kifua kikuu sugu anayetumia klofazimini naye ataona jasho na ngozi vikiwa vyekundu au vya kahawia iliyoiva, na ngozi yake itachukua miezi mingi kurejea baada ya tiba kwisha.

Kuna tofauti moja ambayo mgonjwa wa kifua kikuu anapaswa kuijua. Machozi ya rangi ya chungwa ni ya kawaida, lakini sehemu nyeupe ya jicho ikigeuka njano, hasa ikiambatana na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au maumivu ya tumbo upande wa kulia, hiyo ni dalili ya ini kuathirika. Rudi kliniki siku hiyo hiyo.

Njano, nyekundu au nyeusi, na nywele za kwapa zina chembechembe zilizoshikamana. Simama mbele ya kioo penye mwanga mzuri. Ukiona nywele zimevikwa kitu kama nta, na harufu ni kali kuliko kawaida, huenda ni korinebakteria wanaojenga makoloni yao juu ya unywele. Nyoa nywele zote za kwapa, osha kwa sabuni kila siku, na umuulize mfamasia kuhusu jeli ya benzoili peroksaidi. Ifahamike kwamba jeli hiyo huchujua rangi za nguo na taulo, kwa hiyo isubiri ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Rangi isipotoweka baada ya wiki 2 au 3, mwone daktari, kwa kuwa huenda ikahitajika dawa ya kupaka ya kuua bakteria.

Buluu au kijani. Fundi anayefanya kazi na shaba, au mtu anayevaa bangili ya shaba, anaweza kuona ukijani pale jasho linapokutana na madini hayo. Nguo za rangi nzito hufanya vivyo hivyo, na wapo bakteria wanaotengeneza rangi ya kijani kwenye ngozi inayokaa na unyevu muda mrefu. Ondoa shaba, badilisha nguo, kausha ngozi, kisha urudie jaribio la kitambaa.

Rangi inayotoka kwenye ngozi safi, iliyonyolewa, bila dawa wala kipodozi chochote. Hapo huenda tezi zenyewe zinatoa jasho la rangi. Hali hii ni adimu, na hutokea kwenye tezi zile za jasho zito, yaani za kwapani, za kuzunguka chuchu, na wakati mwingine za mashavuni. Ndani ya tezi hujikusanya lipofusini, ambayo ni rangi ya asili ya mwili, na jasho likatoka la njano, kijani, buluu, kahawia au jeusi. Haihatarishi maisha. Daktari wa ngozi anaweza kuimulika kwa taa ya urujuanimno, kuchukua sampuli ili kuwaondoa bakteria katika hesabu, na kueleza tiba zinazoipunguza, kwa sababu tiba ya kuimaliza moja kwa moja haipo.

Usisubiri jaribio lolote ikiwa jasho linafanana na damu na hutumii rifampisini, ikiwa macho yamekuwa ya njano, ikiwa mwenye tatizo ni mtoto mchanga, au ikiwa kuna homa na vidonda kwapani. Nenda hospitali na ile nguo yenye doa ukiwa umeibeba, maana daktari akiiona rangi yenyewe hatalazimika kukisia kutokana na maelezo.

## Hatua ya 3: Suuza kwa maji baridi

Geuza nguo nje ndani, kwa kuwa doa limeanzia upande wa ngozi. Mimina maji baridi katikati ya doa kwa dakika 2 au 3, ukikamua taratibu. Maji ya moto hayafai hapa, kwani protini ya jasho huganda kwa joto kama ute wa yai na kujifunga kwenye nyuzi.

Kama doa ni la leo, maji baridi na sabuni vinaweza kutosha. Kama limekaa wiki kadhaa, rangi haitabadilika kwa sasa, na usivunjike moyo. Kazi ya hatua hii ni kuondoa chumvi na kuifungua njia ya siki.

## Hatua ya 4: Siki kabla ya sabuni yoyote

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitaeleza sababu kwa kirefu. Tabia tuliyorithi ni kulisugua doa kwa sabuni ya mche mara tu linapoonekana. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta, na mafuta hayo yakikutana na alumini iliyomo kwenye doa, huungana nayo na kuwa utando wa nta usioyeyuka katika maji. Ndiyo maana kwapa la shati huzidi kuwa gumu na kutereza kila linapofuliwa, na tone la maji likidondoka juu yake hukaa bila kupenya. Ukifua kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama wengi wetu tulio karibu na bahari, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa madini ya maji hayo nayo hutengeneza utando wa namna hiyo na sabuni. Asidi hafifu ya siki huitoa alumini kwenye nyuzi na kuiyeyusha, na baada ya hapo sabuni inaweza kufika pale palipo na uchafu.

Changanya kikombe 1 cha siki na vikombe 2 vya maji. Zamisha sehemu ya kwapa peke yake, uiache kwa dakika 30, au saa nzima kwa doa la zamani. Sugua polepole kwa mswaki, kisha usuuze kwa maji mengi mpaka harufu ya siki iishe.

Onyo: siki haipaswi kukutana na jiki kwa namna yoyote, iwe katika beseni moja au katika nguo iliyolowekwa jiki na haijasuuzwa. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza macho na mapafu. Kama shati lako limeshapitia jiki, lisuuze mara 3 na ulianike likauke kabla ya kuanza hatua hii. Ukihisi harufu inayochoma pua, toka nje kwanza.

Hatua ikifanikiwa, kitambaa kitakuwa laini tena kwa vidole na maji yatapenya mara moja. Ukakamavu ukibaki, rudia mara moja zaidi. Usisonge mbele na doa gumu, maana peroksaidi haitalifikia.

## Hatua ya 5: Ondoa mafuta

Paka sabuni ya maji ya vyombo juu ya sehemu iliyolowa, isugue kwa vidole, iache kwa dakika 15, kisha suuza. Sabuni hii imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya vyakula, na mafuta ya jasho, losheni na manukato hayatofautiani nayo sana. Kwa kanzu zinazofukizwa udi na kupakwa mafuta ya manukato, fanya hivyo hivyo kwenye kola na kifuani, ambako mafuta hushika vumbi na kuacha mstari wa kahawia.

## Hatua ya 6: Peroksaidi kwa nguo nyeupe

Vaa glavu. Changanya vijiko vikubwa 2 vya peroksaidi, vijiko vikubwa 2 vya soda ya kuokea na kijiko kikubwa 1 cha sabuni ya maji ya vyombo. Paka uji huo juu ya doa kwa unene wa kulifunika, uache kivulini kwa dakika 30 hadi 60, na uurudishie unyevu kwa tone la peroksaidi ukianza kukauka. Kisha fua nguo nzima kwa sabuni ya unga na uisuuze vizuri.

Peroksaidi huachia oksijeni inayovunja rangi ya njano, na soda huiongezea kasi. Klorini ya jiki nayo huvunja rangi nyingi, lakini ikikutana na mabaki ya jasho huweza kuyafanya yawe ya njano zaidi, na hudhoofisha uzi wa kunyumbuka uliomo katika baadhi ya nguo za siku hizi. Hiyo ndiyo siri ya doa linalokolea baada ya kulowekwa usiku kucha.

Changanya kiasi unachotumia sasa hivi tu. Ukifungia mchanganyiko huu katika chupa, gesi itajaa na chupa inaweza kupasuka. Usiitumie peroksaidi kwa hariri, kwa sufu, wala kwa nguo ya rangi, kwani kwa nguo za rangi hatua ya 4 na ya 5 zinatosha, mradi ujaribu siki kwanza kwenye pindo la ndani.

Doa la miaka linaweza kuhitaji mara 2 au 3. Baada ya mara ya tatu simama. Kilichobaki kwa kawaida ni uzi wenyewe ulioharibika, na ukiendelea utapata tundu.

## Hatua ya 7: Anika, kagua, ndipo upige pasi

Anika kwanza kivulini na ukague nguo ikiwa bado na unyevunyevu. Ukiona hata kivuli cha njano, irudishe hatua ya 6 kabla haijakauka. Pasi ya moto juu ya doa lililobaki hulifunga, na kazi yako yote huwa bure. Doa likishaondoka, anika juani bila wasiwasi, kwa sababu jua huongeza weupe wa pamba.

## Madoa yanayohitaji njia nyingine

Doa la njano linalogeuka jekundu mara tu linapoguswa na sabuni ya mche ni manjano, yale ya jikoni au ya kwenye singo ya bi harusi. Rangi ya manjano hubadilika kuwa nyekundu ikikutana na kitu chenye asili ya magadi. Usiogope. Fua kwa sabuni ya maji ya vyombo, suuza, kisha anika kwenye jua kali siku 2 au 3 mfululizo. Jua ndilo adui mkubwa wa manjano.

Madoa ya kahawia yaliyotawanyika nguo nzima, si kwapani tu, mara nyingi ni chuma kilichomo katika maji ya kisima. Kwa hayo jiki na peroksaidi havisaidii, na jiki huyazidisha. Paka maji ya ndimu na chumvi, weka juani saa 1, suuza kwa maji ya mvua au ya bomba.

Doa la rifampisini linaweza lisitoke kabisa hata ukifuata hatua zote. Kwa miezi ya tiba vaa fulana ya rangi nzito ndani ya shati, tenga foronya na taulo zako, na usivae lenzi laini za macho, kwani zinaweza kubaki na rangi hiyo moja kwa moja. Siku chache baada ya dozi ya mwisho jasho hurudi kuwa safi, na ndipo wakati wa kutoa mashati meupe kabatini.

## Hatua ya 8: Zuia doa lisirudi

Paka dawa ya kuzuia jasho usiku kabla ya kulala, kwenye ngozi kavu na kwa kiasi kidogo. Usiku jasho ni kidogo, kwa hiyo alumini hupata nafasi ya kukaa kwenye matundu badala ya kuhamia kwenye nguo. Ukilazimika kupaka asubuhi, subiri ikauke kabisa kabla ya kuvaa shati. Ukiamua kutumia dawa ya kwapa isiyo na alumini, itapunguza harufu bila kuzuia jasho, na madoa magumu ya njano yatapungua sana.

Nguo yenye jasho isikae kwenye tenga mpaka Jumamosi. Unapofika nyumbani, hata kama huna nafasi ya kufua, mimina kikombe cha maji baridi kwenye makwapa mawili ya shati, likamue na ulitundike. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, ambako jasho halikauki kwa sababu ya unyevu wa hewa, mimi hufanya hivyo kila jioni, na mara moja kwa mwezi huyaloweka makwapa ya mashati yote meupe katika siki kwa nusu saa kabla ya kuyafua, hata yale ambayo bado hayaonyeshi rangi yoyote.